Flannery O'Connor: Binti Aliyerithi Ugonjwa wa Baba Yake

Mtu akiugua ugonjwa uleule uliomuua mzazi wake, minong'ono huanza mapema. Msibani, sokoni, na hata nje ya kanisa baada ya Misa, watu huulizana ukoo ule una nini. Wapo wanaotaja laana, wapo wanaomtafuta mchawi, na wapo wanaohesabu dhambi za mababu. Swali hilo ni la zamani. Wanafunzi wa Yesu walimwuliza Bwana jambo hilohilo walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu. Walitaka kujua kama aliyekosa ni yeye au wazazi wake, naye Bwana hakumtupia lawama yeyote kati yao.

Leo tunasimulia maisha ya mwanamke mmoja ambaye angeweza kuulizwa swali hilo kila siku. Ni Flannery O'Connor, mwandishi Mkatoliki wa Marekani, aliyefariki dunia tarehe 3 Agosti 1964 akiwa na umri wa miaka 39. Ugonjwa uliomuua uliitwa lupasi. Ni ugonjwa huohuo uliokuwa umemuua baba yake yeye akiwa na miaka 15. Katikati ya vifo hivyo viwili aliandika riwaya mbili na hadithi fupi ambazo zingali zikifundishwa vyuoni duniani kote. Tutafuata maisha yake hatua kwa hatua, na njiani tutaeleza yale ambayo sayansi imegundua juu ya ugonjwa wa namna hii na jinsi unavyoonekana kufuata ukoo. Wengi wetu tutaitwa kwenye vitanda vya wagonjwa, na huko tutaulizwa.

Mtoto wa pekee wa Savannah

Mary Flannery O'Connor alizaliwa tarehe 25 Machi 1925, Sherehe ya Kupashwa Habari Bikira Maria, katika mji wa Savannah, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alikuwa mtoto wa pekee wa Edward O'Connor na mkewe Regina Cline, wote wawili wa koo za Kikatoliki zenye asili ya Ireland. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo tu ya uwanja kutoka Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Katika eneo lile la Marekani Wakatoliki walikuwa wachache mno katikati ya Waprotestanti wengi, na mtoto huyu alikua akijua kwamba imani ya nyumbani kwao si imani ya jirani.

Alipenda kuchora na kufuga kuku. Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi, kampuni ya filamu za habari ilimtuma mpiga picha kuja kumpiga picha akiwa na kuku wake mmoja aliyejua kutembea kinyumenyume. Baba yake alimpenda sana. Michoro na vikaratasi alivyoandika binti yake alivitia katika pochi yake, akazunguka navyo kazini na kuwaonyesha rafiki zake.

Edward O'Connor alikuwa amepigana vita huko Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akawa mfanyabiashara wa nyumba na viwanja. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliivunja biashara yake. Mwaka 1938 alipata kazi katika idara ya serikali ya mikopo ya nyumba mjini Atlanta, lakini nguvu zake zilikuwa zimeanza kupungua. Alichoka bila sababu na viungo vikamuuma. Mama na mtoto walihamia Milledgeville, mji mdogo wa nyumbani kwa akina Cline, naye baba akawa anawafuata mwisho wa juma. Hatimaye hakuweza tena kufanya kazi. Alifariki tarehe 1 Februari 1941 akiwa na miaka 45. Binti yake hakupenda kuzungumzia kifo hicho, ila kwa watu wachache sana.

Ugonjwa wa mwili kujipiga wenyewe

Lupasi ni mmoja wa ukoo mkubwa wa magonjwa ambayo kinga ya mwili inamgeukia mwenye mwili. Ugonjwa wa baridi yabisi wa viungo nao umo katika ukoo huo. Kwa kawaida kinga yetu ni kama mlinzi wa usiku anayewafahamu watu wa nyumbani na kuwafukuza wageni. Katika lupasi mlinzi huyo hawatambui tena watu wa nyumbani. Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya seli zake wenyewe, hata dhidi ya vinasaba vilivyomo ndani ya kiini cha seli. Matokeo yake huonekana popote: maumivu na uvimbe wa viungo, homa zisizoeleweka, vipele usoni, nywele kunyonyoka, upungufu wa damu, na mbaya kuliko vyote, kuharibika kwa figo. Jina lenyewe linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mbwa mwitu, kwa kuwa waganga wa zamani waliona vidonda vya usoni kama alama za meno ya mnyama huyo.

Watu tisa katika kila kumi wanaougua lupasi ni wanawake, tena wengi wao ni wa umri wa kuzaa. Edward O'Connor alikuwa miongoni mwa wanaume wachache. Alipougua hapakuwa na dawa ya maana. Madaktari waliweza kumshauri apumzike na ajiepushe na jua, na zaidi ya hapo walibaki kutazama.

Iowa, na sala ya mwandishi kijana

Baada ya kifo cha baba, Flannery alisoma katika chuo cha wanawake pale pale Milledgeville, akichora vibonzo vya gazeti la chuo. Alihitimu mwaka 1945, akaenda Chuo Kikuu cha Iowa akiwa na nia ya kusomea uandishi wa habari. Muda si mrefu akahamia kozi ya uandishi wa hadithi, ambayo tayari ilikuwa na sifa nchini kote. Lafudhi yake ya Kusini ilikuwa nzito kiasi kwamba mwalimu wake, katika mazungumzo yao ya kwanza, alimwomba aandike kwenye karatasi alichokuwa akisema.

Huko Iowa aliweka daftari la sala, ambalo lilichapishwa mwaka 2013, karibu miaka 50 baada ya kifo chake. Ndani yake tunamkuta msichana wa miaka 21 akimwomba Mungu mambo mawili ambayo wengi huogopa kuyaweka pamoja: apate kumpenda Mungu kwa dhati, na apate kuwa mwandishi mzuri. Alihudhuria Misa kila siku. Mwaka 1947 alipata shahada ya uzamili, na mwaka uliofuata akakaribishwa Yaddo, makazi ya wasanii katika jimbo la New York, akiwa anaandika riwaya yake ya kwanza.

Mwaka 1949 alihamia Ridgefield, Connecticut, katika nyumba ya Robert Fitzgerald, mshairi na mfasiri wa Homer, na mkewe Sally. Walikuwa Wakatoliki wenye watoto wadogo. Flannery alikaa chumba cha juu ya banda la gari, akiandika asubuhi na kuwatunza watoto mchana. Alikuwa mbali na nyumbani, na kazi yake ilikuwa inasonga mbele. Hakuwa na mpango wa kurudi Georgia.

Safari ya treni, Desemba 1950

Kuelekea mwisho wa mwaka 1950 alianza kuona mikono ikiwa mizito anapopiga taipureta. Alipanda treni kwenda nyumbani kwa sikukuu ya Noeli, na njiani hali ikabadilika ghafla. Ndugu aliyempokea kituoni alishtuka kumwona msichana wa miaka 25 akishuka kama bibi kizee. Daktari wa Milledgeville alidhani ni baridi yabisi. Alipohamishiwa Atlanta, Dkt. Arthur Merrill alitambua kuwa ni lupasi. Homa ilikuwa kali, akaongezewa damu mara nyingi, na familia ikajiandaa kwa mazishi.

Hakufa wakati ule, na sababu yake ni tarehe. Mwaka 1948 daktari Malcolm Hargraves na wenzake wa Mayo Clinic walikuwa wameeleza aina ya seli inayoonekana kwenye damu ya wagonjwa wa lupasi, na hivyo kurahisisha utambuzi wake. Mwaka huohuo, hapo hapo Mayo, Philip Hench alimpa kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi kwa mara ya kwanza, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Flannery alitibiwa kwa homoni iitwayo ACTH, iliyokamuliwa kutoka tezi za ubongo wa nguruwe, ambayo huufanya mwili utoe kotisoni yake wenyewe. Baba na binti walipatwa na ugonjwa mmoja. Baba aliupata miaka kumi kabla ya dawa, na binti aliupata dawa ikiwa imefika hospitalini hivi karibuni. Tofauti hiyo ndogo ya kalenda ilimpa binti miaka 13 zaidi, na karibu vitabu vyake vyote vimetoka katika miaka hiyo.

Siri ya mama

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo sisi tunaojiandaa kuwa wachungaji hatuna budi kulitafakari. Bi Regina aliambiwa jina la ugonjwa, akaamua binti yake asijue. Alikuwa amemzika mume kwa ugonjwa huo, naye aliona kwamba kulitaja jina hilo ni kama kumsomea binti yake hukumu ya kifo. Kwa hiyo Flannery aliambiwa ana baridi yabisi. Kwa mwaka mmoja na zaidi alijidunga sindano, akaacha chumvi, akauona uso wake ukivimba kwa dawa na nywele zikipungua, huku akiamini kuwa ana ugonjwa mwingine.

Kiangazi cha mwaka 1952, mara tu baada ya riwaya yake Wise Blood kutoka, alikwenda kuwatembelea akina Fitzgerald. Siku moja wakiwa kwenye gari na Sally, Flannery akataja baridi yabisi yake. Sally alikuwa anaijua siri ile na ilikuwa imemchosha. Akamwambia kuwa ugonjwa wake ni lupasi. Flannery alitetemeka, kisha akamshukuru. Alikuwa amekwisha kushuku, kwa maana alikuwa amemwona baba yake. Alijua kuwa habari hiyo ni mbaya, lakini aliona ni bora kuijua kuliko kuendelea kudhani kwamba anapoteza akili.

Hatumhukumu mama. Kila mmoja wetu anazifahamu familia zilizofanya kama yeye, tena kwa upendo. Hata hivyo maisha ya Flannery yanaonyesha kilichofuata baada ya ukweli. Alirudi Georgia, akafungasha mambo yake kwa kukaa, akapanga siku zake kufuatana na nguvu alizo nazo, na akaanza kuandika kama mtu anayejua muda wake una mpaka.

Kinachorithiwa hasa ni nini?

Je, Flannery alirithi lupasi kutoka kwa baba yake? Jibu la kweli linahitaji uangalifu.

Padre Gregor Mendel, Mwagustino wa Brno, alipochapisha kazi yake ya mbaazi mwaka 1866, alionyesha tabia zinazopita kutoka mzazi hadi mtoto kwa hesabu safi: mbegu laini au yenye makunyanzi, ua jeupe au la zambarau. Kuna magonjwa yanayofuata hesabu hiyo, kama seli mundu. Kwa kawaida lupasi haimo katika kundi hilo. Hairithiwi yenyewe. Kinachorithiwa ni wepesi wa kuipata, na wepesi huo umegawanyika katika sehemu nyingi ndogondogo.

Watafiti wamekwisha kubaini zaidi ya maeneo 100 katika vinasaba vya binadamu yenye tofauti zinazoongeza au kupunguza uwezekano wa lupasi. Eneo lenye uzito mkubwa liko kwenye kromosomu ya 6, penye jeni za HLA, zinazosaidia kinga kutofautisha kilicho chake na kilicho kigeni. Jeni za eneo hilohilo zimo pia katika habari ya baridi yabisi na magonjwa mengine ya jamii hii, na ndiyo sababu katika ukoo mmoja mtu anaweza kuugua lupasi na binamu yake akaugua viungo. Jeni nyingine huhusika na kuzoa mabaki ya seli zilizokufa. Watu wachache sana huzaliwa bila protini moja ya kazi hiyo, iitwayo C1q, na karibu wote hupata lupasi. Mwaka 2022 watafiti walieleza pia habari ya mtoto wa Hispania ambaye badiliko moja tu katika jeni ya TLR7, iliyoko kwenye kromosomu ya X, lilitosha kumletea ugonjwa. Lakini visa vya jeni moja kutosha ni adimu. Kwa walio wengi, ni tofauti nyingi zenye nguvu ndogo zinazokutana katika mtu mmoja.

Na hata zikikutana hazitoshi. Ushahidi mzuri ni mapacha wanaofanana kabisa, ambao vinasaba vyao ni vilevile. Mmoja akiwa na lupasi, mwenzake huipata katika robo ya visa hivi, na tafiti nyingine zimepata zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba mara nyingi pacha wa pili, mwenye urithi uleule, hubaki mzima. Kunahitajika kitu kingine cha kuwasha moto: mwanga mkali wa jua, maambukizi ya virusi fulani, mabadiliko ya homoni, baadhi ya dawa. Kwa watoto wa mgonjwa wa lupasi, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kuwa wapatao 5 katika 100 ndio watakaougua. Wale 95 hawataugua. Flannery alikuwa katika wale wachache, na hapakuwa na kosa lolote la baba wala la binti lililomweka hapo.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Iko jeni iitwayo FCGR2B, ambayo kazi yake ni kama breki ya kinga. Baadhi ya watu wana aina ya jeni hiyo yenye breki legevu, na kinga yao huenda mbio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa watu wa Asia na Ulaya waliopata aina hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya lupasi. Utafiti huohuo uliwaangalia watoto wa Kenya, na ukakuta kuwa wenye urithi huo walikuwa na kinga zaidi dhidi ya malaria kali. Tayari tunaijua habari ya seli mundu: nakala moja ya jeni humkinga mtoto na malaria, nakala mbili humletea ugonjwa. Hapa tunaona jambo linalofanana nalo. Kile ambacho mnong'onaji msibani angekiita laana ya ukoo, huenda ndicho kilichomvusha bibi wa bibi yake utotoni mahali palipojaa mbu.

Shamba la Andalusia

Kuanzia mwaka 1951 Flannery aliishi na mama yake Andalusia, shamba la ng'ombe wa maziwa la familia, maili chache nje ya Milledgeville. Bi Regina alisimamia ng'ombe na vibarua. Binti alilala chumba cha chini kwa kuwa ngazi zilimshinda. Asubuhi walikwenda Misa mjini pamoja, kisha Flannery akakaa mezani kuandika kwa saa mbili au tatu, zile ambazo nguvu zake zilimruhusu. Mchana alipumzika, akajibu barua, akapokea wageni na kuwalisha ndege wake. Alikuwa ameagiza tausi, nao wakazaana hadi wakawa wapatao 40, wakala maua ya mama yake na kupiga makelele usiku kucha. Jioni, kabla ya kulala, alisoma kurasa chache za Mtakatifu Thoma wa Akwino, na kwa utani alisimulia namna ambavyo angemjibu mama yake kwa hoja za kitomasi akiambiwa azime taa.

Mwaka 1955 ulitoka mkusanyo wake wa hadithi A Good Man Is Hard to Find, na mwaka huohuo akaanza kutembea kwa magongo. Mfupa wa nyonga ulikuwa unaoza kwa kukosa damu, jambo ambalo lupasi yenyewe huweza kulileta, na dawa ya kotisoni pia. Mwaka 1960 ilitoka riwaya yake ya pili, The Violent Bear It Away. Alizunguka na magongo yake kutoa mihadhara vyuoni, na akaandika uhakiki wa vitabu katika gazeti la Kikatoliki la Georgia bila malipo ya kutaja.

Anayefungua hadithi zake akitarajia visa vitamu vya watakatifu atashtuka. Zimejaa wahubiri wa barabarani, wauaji, wakulima wenye kiburi na wasomi wanaojiona. Neema huwafikia kwa pigo, wakati wamekwisha kujihesabia haki. Miili iliyovunjika imo tele: mguu wa mti, macho yaliyopofuka, kijana aliyerudi nyumbani akiamini anakufa na kumbe ana homa ya kunywa maziwa mabichi. Lakini kamwe hakuandika hadithi juu ya lupasi yake, wala hakutaka wasomaji wamhurumie. Katika barua zake ugonjwa hutajwa kwa mzaha na kwa ufupi. Kwa Padre Pierre Teilhard de Chardin, Mjesuiti, alipata wazo lililomfaa: kwamba yapo mapungufu ambayo mtu hupambana nayo kwa nguvu zake zote, na yakishindikana huyapokea, yakawa njia ya kumfikia Mungu.

Mwaka 1958 ndugu mzee wa familia aliwalipia yeye na mama yake safari ya hija kwenda Lourdes, ikiwa miaka 100 tangu Bikira Maria amtokee Bernadetta. Flannery alikwenda kwa shingo upande. Hakutaka kuingia majini, lakini Sally Fitzgerald alimshawishi, akaingia. Baadaye alikiri kwamba pale aliiombea zaidi riwaya yake kuliko mifupa yake. Mjini Roma, Papa Pius wa Kumi na Mbili alimpa baraka ya pekee alipomwona na magongo. Miezi kadhaa baadaye daktari aliona mfupa wa nyonga umeanza kujijenga. Flannery hakutangaza muujiza, alishukuru tu. Nafuu hiyo haikudumu.

Miaka hiyohiyo Masista Wadominiko wa Atlanta, wanaowahudumia maskini wenye saratani, walimwomba aandike juu ya Mary Ann, mtoto waliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu hadi alipofariki akiwa na miaka 12, akiwa na uvimbe uliomharibu uso. Flannery aliwaambia waandike wenyewe, naye akawasaidia kuhariri na kuandika utangulizi. Kitabu kilitoka mwaka 1961. Humo alieleza kwamba wema nao, katika maisha haya, mara nyingi una uso ambao haujakamilika. Ni maneno ya mtu aliyeuona uso wake mwenyewe ukibadilishwa na dawa.

Urithi mwingine

Tungekosa ukweli kama tungemchora kuwa malaika. Flannery alizaliwa katika jamii iliyowatenga watu weusi kwa sheria, na urithi huo nao aliupokea. Barua zake binafsi zina maneno ya dharau na mizaha ya kibaguzi. Mwaka 1959 alikataa kukutana na mwandishi mweusi James Baldwin nyumbani Georgia, akisema jambo hilo lingezua vurugu pale. Katika baadhi ya hadithi zake alikipiga vikali kiburi cha wazungu, na hadithi yake Revelation inamwonyesha mwanamke mwenye kujihesabia haki akioneshwa kwamba walio wa chini wanamtangulia mbinguni. Lakini katika maisha yake hakufika mahali ambapo kalamu yake ilifika. Mwaka 2020 chuo kikuu kimoja cha Wajesuiti nchini Marekani kiliondoa jina lake kwenye bweni kwa sababu hiyo.

Leo inajulikana kwamba lupasi huwapata wanawake weusi wa Marekani mara mbili hadi tatu zaidi ya weupe, tena mapema zaidi na kwa ukali zaidi. Sehemu ya tofauti hiyo imo katika jeni, na sehemu imo katika umaskini na hospitali zisizofikika. Kuna urithi wa damu, ambao hakuna anayeuchagua na hakuna wa kulaumiwa kwa ajili yake. Na kuna urithi wa mazoea ya jamii, ambao nao hatukuuchagua, lakini tunaweza kuukataa. Flannery aliubeba ule wa kwanza kwa ujasiri mkubwa. Kwa ule wa pili alipambana nusu njia, nasi tunamwombea huruma ileile ambayo hadithi zake zinaihubiri.

Mwaka wa mwisho

Februari 1964 alifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Upasuaji ulifaulu, lakini uliiamsha lupasi iliyokuwa imetulia. Figo zikaanza kushindwa. Kati ya hospitali na nyumbani aliendelea kumalizia mkusanyo wake wa mwisho. Daktari alipomkataza kufanya kazi, alificha karatasi za hadithi chini ya mto. Tarehe 7 Julai alipokea Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Alifariki hospitalini Milledgeville usiku wa kuamkia tarehe 3 Agosti. Mkusanyo wenyewe, Everything That Rises Must Converge, ulitoka mwaka 1965, na mwaka 1972 hadithi zake zote kwa pamoja zilipewa Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani.

Mama yake aliishi hadi mwaka 1995, akafikisha miaka 99. Alikuwa amemzika mume na mtoto wa pekee kwa ugonjwa mmoja, yeye mwenyewe bila kuugua.

Basi siku tutakapoitwa kwenye nyumba ambayo ugonjwa umerudi mara ya pili, tumkumbuke Flannery. Tuwaambie wenye nyumba kwamba urithi si hukumu, na kwamba ndugu wengi wa mgonjwa hawataugua. Tumhimize anayeumwa viungo kwa muda mrefu, mwenye homa na vipele usoni, aende hospitali mapema na aeleze habari ya wazazi wake, kwa sababu leo dawa ni nyingi kuliko mwaka 1951, na wenye lupasi wengi huishi hadi uzee. Tumsaidie mgonjwa kuambiwa ukweli na mtu anayempenda. Na tukisikia neno laana, tulikanushe kwa upole.

Flannery amezikwa katika makaburi ya Memory Hill mjini Milledgeville, kando ya baba yake. Mungu awarehemu wote wawili.